Jogoo mzee akiacha kuwika, usikimbilie kisu

WAHENGA walisema jogoo la shamba haliwiki mjini. Wangefufuka leo wakalala usiku mmoja tu Kayole, Githurai, Kawangware au Kisauni kule Mombasa, wangeifuta methali hiyo wenyewe. Saa kumi alfajiri, kabla matatu ya kwanza haijapiga honi, majogoo wa mjini huwa tayari wanaitikiana kutoka ua hadi ua.

Wengi wa majogoo hao hawakununuliwa. Waliletwa na nyanya kutoka mashambani wakiwa wamefungwa miguu ndani ya katoni, wakasafiri chini ya kiti cha basi, na walipofika mjini watoto wakawapa majina kabla baba hajatafuta kisu. Kuku mwenye jina hachinjwi kwa urahisi. Ndiyo sababu utakuta nyumba ina jogoo wa miaka mitano au sita, mzee mwenye vipi virefu kama vidole, ambaye amekuwa mmoja wa jamaa.

Halafu siku moja mzee huyo hawiki. Amesimama pembeni, manyoya yamemsimama, macho ameyafumba nusu. Baba anasema, "Ni uzee tu, mwacheni." Mama anasema, "Heri tumchinje kabla hajafa, nyama isipotee bure." Kijana wa kidato cha tatu anatumwa dukani akanunue "dawa ya kuku", bila kuambiwa ni dawa ya ugonjwa gani. Mtoto mdogo analia.

Baba, mama na kijana huenda wote wamekosea. Na huyo mtoto anayelia pengine ndiye aliyejua mapema kuliko wote kwamba kuna jambo, kwa kuwa ndiye anayemtazama jogoo kila siku.

Tuanze na huo uzee unaosingiziwa kila kitu. Kuku wa kienyeji akitunzwa vyema huishi miaka mitano hadi minane, na wengine hupita hapo. Wengi wetu hatujui hivyo kwa sababu kuku wengi huishia sufuriani kabla ya kutimiza miaka miwili. Jogoo huwa na nguvu zake kamili katika miaka miwili au mitatu ya kwanza, kisha huanza kupungua polepole. Magamba ya miguu huwa manene na makavu. Vipi hurefuka na kupinda. Manyoya yakinyonyoka huchukua majuma mengi kabla ya mengine kuota. Ukuta aliokuwa akiupanda kwa mruko mmoja sasa anautazama tu, na mitetea anawaandama mara chache.

Huo ndio uzee, na neno la kushika hapo ni polepole. Uzee hauji kwa usiku mmoja. Jogoo aliyekula mahindi vizuri Ijumaa na akakataa chakula Jumapili hakuzeeka Jumamosi. Ameugua.

Kuna ukimya mwingine ambao si uzee wala ugonjwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya nchini Japani walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo huwika alfajiri kwa kufuata saa iliyo ndani ya mwili wake, hata akiwekwa mahali ambapo mwanga haubadiliki. Mwaka 2015 wakaonyesha kwamba majogoo wakiwa pamoja, anayewika kwanza ni mkubwa wao, na wengine hungoja zamu zao kufuatana na cheo. Kwa hiyo ikiwa uliletewa jogoo kijana Desemba na mzee akanyamaza Januari, huenda hana ugonjwa wowote. Amepinduliwa. (Msomaji, hapa sizungumzii siasa.)

Jogoo aliyepinduliwa hufukuzwa kwenye chakula, hujificha nyuma ya tangi la maji na hukonda kweli kweli. Wengi humdhania mgonjwa na kumtia dawa asizozihitaji. Kuna njia rahisi ya kupata ukweli. Mtenge na wenzake, mpe chakula na maji peke yake, kisha usogee mbali kidogo. Aliyepinduliwa atakishambulia chakula kwa pupa. Mgonjwa atakitazama tu, au atadonoa mara mbili na kuacha.

Jambo la pili la kuelewa ni kwamba kuku huficha ugonjwa. Ndege anayeonyesha udhaifu ndiye mwewe humkamata kwanza, na hata bandani wenzake humdonoa. Hivyo siku utakayomkuta amejikunyata mchana kweupe, yaelekea amekuwa akiumwa kwa siku kadhaa. Anayengoja mpaka kuku alale chini ndipo aulize kuna nini, amechelewa.

Ndiyo maana nasema kazi hii wapewe watoto. Mtoto wa darasa la tano anaweza kabisa kumkagua jogoo mara moja kwa juma, jioni, wakati ndege amekwisha kupanda kwenye fito na ametulia. Mzazi amshike jogoo, mabawa yakiwa yamebanwa vizuri asipigepige, na mtoto atazame na kuandika katika daftari. Baada ya majuma manne daftari hilo litamfaa daktari wa mifugo kuliko maelezo marefu ya mtu mzima.

Aanzie kichwani. Kilemba na ndevu za jogoo mzima huwa nyekundu. Kilemba kikipauka, fikiria upungufu wa damu: minyoo, chawa, utitiri au papasi wanamnyonya. Kikigeuka zambarau, damu haipati hewa ya kutosha. Moyo au mapafu yana shida, na kwa jogoo mzee mzito hilo si jambo la kungoja hadi kesho. Vidonda vyenye magaga kwenye kilemba na kando ya macho huenda ni ndui ya kuku, ambayo huenezwa na mbu na ina chanjo. Uso ukivimba, jicho likitoa povu na pua ikinuka, hayo ni mafua ya kuku, na yataingia kwa wenzake kupitia chombo kimoja cha maji.

Kisha asikilize. Kuku mwenye afya hupumua kimya, mdomo umefungwa. Akipumua kwa mdomo wazi wakati hakuna joto, akikoroma, au mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi, huyo anahangaika.

Ashike kidari. Mfupa wa katikati ya kifua unapaswa kufunikwa na nyama pande zote mbili. Ukiwa umechongoka kama makali ya kisu, jogoo amekonda muda mrefu, na manyoya ndiyo yaliyowadanganya. Kama mnayo mizani ya jikoni, mpimeni ndani ya katoni kila juma. Jogoo akizidi kupungua majuma mawili mfululizo kuna sababu, hata kama anawika kama tarumbeta.

Sasa tufike kwenye gole, yaani kile kifuko kilicho chini ya shingo ambamo chakula hukaa kabla ya kushuka tumboni. Wakazi wa mjini tulitazame kwa makini. Jioni gole huwa limejaa. Asubuhi, kabla ya kula, linapaswa kuwa tupu. Ukiligusa asubuhi ukalikuta gumu kama mpira wa tenisi, kuna kitu kimekwama. Na huku kwetu vinavyokwama ni vingi: nyuzi za magunia, mabua ya sukuma wiki, nyasi ndefu, vipande vya plastiki. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Agosti 28, 2017, lakini udongo wa mitaa yetu umezika mifuko ya miaka mingi iliyotangulia, na kazi ya kuku ni kufukua.

Kama jogoo bado ni mchangamfu, mnyime chakula kigumu siku hiyo, mpe maji, mtie mdomoni matone machache ya mafuta ya kupikia na ulisugue gole polepole mara kadhaa. Siku ya pili likiwa bado gumu, apelekwe kwa daktari, ambaye anaweza kulipasua na kulishona. Usifanye kile kitendo cha kumgeuza kichwa chini miguu juu ili atapike. Uchafu wa gole huingia katika mapafu, na jogoo hufa mkononi mwako. Gole likiwa laini kama puto la maji na mdomo ukanuka uchachu, hiyo ni shida nyingine, ya ukungu, na mara nyingi huwapata kuku waliopewa viuavijasumu ovyo ovyo.

Miguuni ndipo uzee unaposingiziwa zaidi. Magamba yakiinuka na chini yake pakawa na unga mweupe, usiseme ni ya ukongwe. Ni utitiri mdogo mno usioonekana kwa macho, unaochimba chini ya magamba. Osha miguu kwa maji vuguvugu na sabuni, sugua kwa brashi laini ya meno iliyozeeka, kausha, kisha paka mafuta mazito ya kujipaka kama yale ya watoto. Mafuta hayo huwanyima wadudu hewa. Rudia kila baada ya siku mbili au tatu kwa majuma matatu au zaidi, na uwatazame kuku wote, kwani wanalala kwenye fito zilezile. Wapo wanaopaka mafuta ya taa au oili chafu ya gari. Hiyo huchoma ngozi, na jogoo anayechechemea kwa kuungua hana tofauti na anayechechemea kwa ugonjwa.

Geuza unyayo pia. Jogoo mzito anayeruka kila asubuhi kutoka kwenye fito ndefu hadi sakafu ya simiti hupasuka unyayo, viini vikaingia, na jipu gumu lenye kigaga cheusi likajitengeneza. Daktari ndiye wa kulifungua. Wembe wa nyumbani hupeleka viini ndani zaidi. Kazi ya mwenye nyumba ni kushusha fito zifike kimo cha goti la mtu mzima au chini yake, na kutandaza maranda ya mbao sakafuni. Vipi vilivyopinda hadi vikagusa mguu mwingine vinaweza kupunguzwa ncha kwa tupa ndogo, kama mtu anavyopunguza kucha. Ndani ya kipi mna mfupa wenye damu, kwa hiyo asionekane mtu na msumeno.

Hadi hapo nimetaja maradhi yanayomwingia jogoo kutoka nje. Lakini kuna moja ambalo sisi wenyewe tunalimimina katika chombo chake kila asubuhi.

Familia nyingi za mjini hufuga jogoo mmoja na mitetea watano au sita kwa ajili ya mayai. Kwa hiyo hununua chakula cha kuku wanaotaga, na jogoo hula hichohicho. Chakula hicho hutiwa madini mengi ya kalsiamu, asilimia tatu na nusu hadi nne hivi, ili mayai yawe na maganda magumu. Jogoo hatagi. Yeye hahitaji hata asilimia moja na nusu. Kalsiamu inayozidi lazima ipitie kwenye figo, na mwaka baada ya mwaka figo huchakaa. Ikifika miaka minne au mitano utaona anakunywa maji kupita kiasi, kinyesi kimekuwa cheupe kama chokaa na chepesi, viungo vya miguu vimevimba na hataki kutembea. Watu husema, "Mzee ana baridi yabisi." Kwa kweli ni figo, na madhara yaliyokwisha kutokea hayaponyeki.

Kinga yake ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Wape kuku wote chakula cha kuku wanaokua, kisha weka maganda ya chaza yaliyosagwa katika chombo tofauti. Mitetea watayadonoa kwa kadiri ya mahitaji yao, na jogoo atapita tu. Maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa vizuri yanafaa pia.

Na mahindi yaliyoota ukungu je? "Haya hayafai kwa ugali, wape kuku." Nani hajasikia maneno hayo jikoni? Mwaka 2004 watu 125 walifariki katika wilaya za Makueni, Kitui na nyingine za jirani kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu, ile iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo huharibu ini la kuku kama inavyoharibu la mtu, na jogoo aliyekula mahindi hayo kwa miaka huwa na ini lisiloweza kustahimili hata ugonjwa mdogo.

Kinyesi hakipendezi kuzungumzwa Jumapili, lakini ndicho gazeti la kuku. Ukijua kukisoma utapata habari zote. Cha kawaida huwa cha kahawia au kijivu chenye kofia nyeupe. Mara chache kwa siku hutoka kingine laini chenye rangi ya chokoleti na harufu kali, na hicho pia ni cha kawaida, usishtuke. Chenye damu ni hatari. Cha kijani kibichi kinaonyesha kwamba kuku hali chakula, au kwamba amepata kideri.

Kideri, au Newcastle kama kiitwavyo madukani, ndicho kinachofanya nisiwe na subira na wale wanaosema "ni kuku tu". Jina hilo lilitokana na mji wa Newcastle, Uingereza, ambako ugonjwa ulizuka mwaka 1926. Dalili zake ni kuhema, kuharisha kijani, mabawa kulegea, shingo kupinda na miguu kupooza. Huletwa na virusi, hauna dawa, na ukiingia katika banda lisilochanjwa unaweza kumaliza karibu kuku wote kwa siku chache. Jogoo wa kwanza kuugua ndiye kengele. Aliyesema "ni uzee" siku ya Jumatatu hukuta banda kimya kufikia Jumapili.

Kwa kawaida kuku wakubwa huchanjwa kila baada ya miezi mitatu hivi, na jogoo mzee hasamehewi kwa kuwa amekwisha kuishi miaka mingi. Chanjo hutengenezwa hapahapa nchini na taasisi ya serikali ya chanjo za mifugo, KEVEVAPI, na nyingi ni za kudondosha jichoni au kutia katika maji ya kunywa. Tatizo la mjini ni mawili. Kwanza, chupa moja huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, na ikishachanganywa haiwekwi. Hutumiwa muda huohuo, basi. Pili, maji ya mfereji yana klorini, ambayo huua chanjo kabla haijafika kwa kuku.

Majirani wa mtaa mmoja wanaweza kulimaliza tatizo la kwanza kwa mchango. Nyumba kumi zichange, chupa ibebwe katika chupa ya chai yenye barafu, na kuku wote wa ploti wachanjwe asubuhi moja. Kwa tatizo la pili, tumia maji maalum yanayouzwa pamoja na chanjo ya jicho, au maji safi ya mvua kama unatumia ile ya kunywesha. Na jambo hili lieleweke: chanjo ni ya wazima. Kuku aliyekwisha kuugua haponi kwa kuchanjwa.

Basi jogoo ameonekana mgonjwa leo. Ufanye nini? Mtenge kabla ya jambo jingine lolote. Katoni kubwa au kizimba kidogo chenye maranda, mahali penye kivuli pasipo na upepo, mbali na wenzake na mbali na jikoni. Jogoo mgonjwa hupoteza joto upesi. Chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa humsaidia usiku. Muwekee maji safi karibu na mdomo, kwa kuwa kiu humuua mapema kuliko njaa. Chakula kiwe laini: pumba zilizoloweshwa, wali, yai lililochemshwa. Wahudumie wazima kwanza na mgonjwa mwisho, kisha osha mikono kwa sabuni na ubadilishe viatu. Watoto wamwone, wasimbusu.

Pilipili, shubiri na mwarobaini? Nyanya zetu walivitumia, nami siwadharau. Lakini hakuna majani yanayoponya kideri, na maji yakiwa machungu au makali, mgonjwa ambaye tayari hana hamu ya kunywa huyakataa kabisa. Mwache maji yake yawe maji.

Kuhusu dawa za dukani nina neno kali kidogo. Mama mmoja wa mtaa wa Umoja alinieleza kuwa alitoka katika duka moja na pakiti tatu za unga, zote zikiwa viuavijasumu, bila yeyote kumuuliza jogoo ana dalili gani. Wengine hufungua kapsuli za rangi mbili walizobakiwa nazo kabatini na kuzimwaga katika maji ya kuku wote. Viuavijasumu haviui virusi. Mabaki yake huingia katika mayai ambayo watoto watakula kesho yake, na vijidudu vikizoea dawa leo, dawa hiyohiyo itashindwa mtoto atakapoihitaji hospitalini.

Najua swali linalofuata. "Ada ya daktari inapita bei ya jogoo. Kuna faida gani?" Hesabu hiyo ingekuwa sawa kama ungekuwa na jogoo peke yake. Lakini unayo mitetea sita inayotaga, jirani anao kumi, na wote wanachakura taka zilezile. Daktari humlipi kwa ajili ya jogoo tu, unamlipa akuambie ni ugonjwa gani umeingia uani kwako. Mara nyingi simu moja kwa ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo, ukiwa na lile daftari la mtoto mkononi, hutosha kujua kama unahitaji mtu aje. Akija, muulize usajili wake. Tangu sheria ya mwaka 2011, daktari wa mifugo na msaidizi wake wote wanapaswa kusajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, na kuuliza si utovu wa heshima.

Na usiogope kupiga simu eti utakamatwa kwa kufuga kuku mjini. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kilimo cha mjini mwaka 2015, na ufugaji unaofuata kanuni umetambuliwa. Kinachostahili kuogopwa ni kunyamaza. Januari 2017 Uganda iliripoti homa ya mafua ya ndege, na Kenya ikazuia kwa muda kuku kutoka huko. Kuku wawili au watatu wakifa ghafla katika muda wa siku mbili, hiyo si siri ya nyumba. Toa habari siku hiyohiyo.

Sasa tukirudie kile kisu. Mimi sipingi kuchinja. Jogoo aliyevunjika mguu kwa kugongwa na baiskeli, anayekula vizuri, mwenye macho maangavu na asiye na dawa mwilini, ni nyama, ijapokuwa itabidi ichemke tangu asubuhi hadi watoto watoke shuleni. Lakini jogoo aliyekonda, anayeharisha, anayehema, au aliyepewa dawa ambayo muda wake wa kungoja ulioandikwa kwenye pakiti haujaisha, si kitoweo. Kumchinja na kumnyonyoa jikoni ni kutapanya kinyesi, damu na manyoya yenye viini palepale unapokatia kachumbari. Mama anayesema nyama isipotee bure anaokoa mlo mmoja na pengine ananunua wiki moja ya kuharisha kwa nyumba nzima.

Kuna mahali ambapo matibabu nayo yanafika mwisho. Figo zilizochakaa, moyo uliochoka, uvimbe tumboni: daktari akisema hakuna la kufanya, na jogoo hali, hasimami, anahema, kumwacha siku tano katika katoni kwa kuwa watoto wanampenda ni kumtesa. Mwambie mtoto ukweli kabla, si baada. Usimwambie kwamba jogoo amerudi shambani kwa nyanya. Likizo itafika, mtoto ataenda kwa nyanya, na ataanza kumtafuta.

Akifa bila sababu kujulikana, hasa kama bado una kuku wengine, mzoga unaweza kusema aliyoyaficha mwenyewe. Ufunge katika mifuko miwili, uweke katika chombo chenye barafu lakini usiugandishe, na uupeleke siku hiyohiyo Kabete, kwenye maabara ya serikali ya mifugo au kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Walio mbali wana maabara za kanda, kama vile Mariakani, Nakuru na Karatina.

Kama huupeleki, usiutupe kwenye lundo la taka la mtaa, ambako mbwa atauburuta hadi ua wa pili, wala kwenye mtaro. Uzike kimo cha mkono mzima chini ya udongo, mbali na kisima, nyunyiza chokaa au jivu juu yake na ufukie vizuri. Choma maranda aliyolalia, osha chombo chake cha maji kwa sabuni na dawa ya kutakasa, ukianike juani. Nyanya akituma jogoo mwingine Desemba ijayo, mkae naye majuma mawili hadi matatu katika kizimba cha peke yake upande wa pili wa ua, hata kama amewasili akiwika, na hata kama watoto wamekwisha kumpa jina.